Kitabu cha kumpa mgonjwa, cha anayemuuguza na cha aliyefiwa

Ukiniomba nikutajie kitabu cha kumpelekea mgonjwa, nitakuuliza kwanza ni nani hasa atakayekishika, na atakishika saa ngapi. Aliyetoka kwenye tiba ya mionzi asubuhi hana nguvu ya kurasa thelathini mfululizo, na pengine hata mwanga wa dirishani unamuumiza macho. Binti anayemuuguza mama yake ana saa nyingi za usiku, ila akili yake yote iko kwenye pumzi za aliyelala. Aliyefiwa, wageni wa matanga wakishaondoka na maturubai yakashushwa, muda anao tele, hamu ya kusoma ndiyo hana. Watu hawa watatu mara nyingi wanaishi nyumba moja, na sisi tunawapelekea kitabu kilekile.

Nimeviweka hapa viwili viwili, kila kimoja na mwenzake kinachogusa jambo hilohilo, ili uone tofauti kabla hujatoa pesa au hujaenda kuazima. Vipo vya Kiswahili na vya Kiingereza, vya dini na vya watu waliogombana na dini. Upande wangu nausema mapema: namwamini zaidi mwandishi aliyekaa na maumivu akayasimulia yalivyo kuliko yule aliyekuja na sababu ya maumivu hayo.

Aina moja nimeiacha nje kwa makusudi, nayo ni vile vijitabu vya shuhuda za uponyaji vinavyouzwa kwenye mikutano ya injili, pamoja na ndugu zao wa upande wa pili wanaoahidi kupona kwa siku kadhaa ukifuata kisomo fulani. Sina ugomvi na mtu aliyepona akashukuru hadharani. Ninayemfikiria ni yule ambaye hakupona: anafunga kijitabu akiwa na ugonjwa uleule, na juu yake kaongezewa hatia kwamba imani yake ilipelea. Wanaokumbuka mwaka 2011, misururu ya magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500, wanajua hamu ya kupona inaweza kumsafirisha mtu umbali gani. Hamu hiyo haina aibu yoyote. Ila kitabu cha faraja kina kazi nyingine: kukaa na mtu kabla hajapona, na hata asipopona.

Mzazi anayeaga: Mwana Kupona na Paul Kalanithi

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi, maana sijui jozi nyingine inayofanana hivi huku wenyewe wametengana kwa karne moja na nusu na bahari nzima.

Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya ya leo, alitunga utendi wake mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewasumbua sana masultani wa Unguja, alikuwa amefariki 1856. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa; anasema maradhi yamemshika hata umetimia mwaka, na hakuwahi kupata nafasi ya kusema na bintiye vizuri. Basi anamwita Mwana Hashima aje aketi mbele yake, na wino na karatasi. Alifariki karibu na mwaka 1860. Kwa hiyo beti hizo mia na ushee ni maneno ya mama anayejua anakwenda wapi, akizungumza na msichana ambaye bado hajawa na nyumba yake.

Watu wengi wanaukumbuka utendi huu kutoka darasani kwa beti za mume: ampepee akilala, asimwamshe, afukize udi, amtunze kama mtoto asiyejua kusema. Binti wa leo, mwenye kazi yake na mume anayejipikia chai, atakunja uso, na haki yake. Nami sitamwambia azipende. Lakini nadhani shule zimetuonea kwa kutufundisha utendi huu kama orodha ya wajibu wa mke, kwa sababu ukiusoma kando ya kitanda cha mgonjwa kinachosikika ni kitu kingine. Unamsikia mama anayehesabu kila kitu ambacho hatakuwepo kukisimamia. Anamfundisha namna ya kusalimia watu, namna ya kukaa nao, nani wa kuambatana naye na nani wa kumwepuka. Hayo ni mambo ambayo mama mzima wa afya huyasema kidogo kidogo kwa miaka ishirini, jikoni na njiani. Huyu ana siku chache, basi anayamwaga yote kwa mkupuo.

Kisha utendi unageuka kuwa dua. Anajiombea, anawaombea watoto wake, ndugu zake na jamaa zake, na maombi yenyewe hayana majigambo ya mtu mwenye uhakika wa kujibiwa. Ndiyo maana ukimpa mgonjwa kitabu hiki mwambie aanzie mwishoni. Na utafute toleo lenye maelezo ya msamiati, maana Kiamu chake, lahaja ya Lamu, kitamchosha hata Mswahili wa Tanga, sembuse wa Mwanza au Bujumbura.

Paul Kalanithi alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2013, akiwa na miaka 36, aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, naye hakuwa mvutaji wa sigara. Alifariki Machi 2015. Kitabu chake, *When Breath Becomes Air*, kilitoka mwaka uliofuata, na sehemu ya mwisho imeandikwa na mkewe Lucy, kwa sababu yeye hakuwahi kukimaliza.

Katikati ya kitabu kuna mazungumzo mafupi ambayo yanatosha kukipa thamani. Mume na mke wanajadili kama wapate mtoto ilhali baba anajua hatamlea. Lucy anauliza: huoni kwamba kumuaga mtoto kutafanya kifo chako kiume zaidi? Naye anamjibu kwa swali kwamba, je, haitakuwa vizuri kikiuma zaidi? Binti yao, Cady, alizaliwa Julai 2014. Baba alipofariki mtoto alikuwa na miezi minane.

Sasa weka vitabu hivi viwili mezani. Wote wawili wanaandika kwa ajili ya binti. Mwana Kupona ana binti mkubwa anayeweza kusikia, kwa hiyo anampa maagizo. Kalanithi ana mtoto mchanga, naye anakataa kabisa kumpa maagizo. Maneno yake ya mwisho kwa Cady ni kumjulisha tu kwamba aliijaza furaha siku ya mtu anayekufa. Katika imani pia wameachana. Kwa Mwana Kupona, Mungu yupo tangu beti za mwanzo, hana haja ya kuthibitishwa. Kalanithi alikulia katika Ukristo, akauacha ujanani kwa ajili ya sayansi, kisha akarudi, na anasimulia kurudi huko bila kumshawishi mtu yeyote amfuate.

Kwa mzazi mgonjwa anayetamani kuacha maneno na hajui aanzie wapi, chukua Mwana Kupona. Utendi utamwonyesha kwamba kumbe inawezekana kukaa chini na kusema, hata ukiwa umelala. Kwa wanandoa vijana waliopigwa na ugonjwa kabla hawajajenga maisha, chukua Kalanithi. Lakini usimpe mtu aliyepokea majibu ya biopsi, kipimo cha kipande cha nyama ya mwili, wiki iliyopita. Sura ya Lucy inaeleza siku ya mwisho hospitalini, mashine ya kusaidia kupumua na uamuzi wa kuitoa, na hakuna lugha ya kuficha. Mwenye kuuguza ataishukuru sura hiyo miezi mingi baadaye. Mgonjwa mpya haitamsaidia kitu usiku wa manane.

Wagane wawili: Shaaban Robert na C. S. Lewis

Wanawake wanaofiwa na waume wana eda, wana kundi la wanawake wenzao, wana namna inayojulikana ya kulia. Mgane hupewa siku chache, kisha anaulizwa lini anarudi kazini. Vitabu hivi viwili ni vyake.

Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, aliandika habari zake mwenyewe katika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Wengi tumekutana na shairi lake la kumlilia mkewe, Amina, kabla hatujajua kwamba Amina alikuwa mtu kweli. Anamwona kama ua lililojifunga baada ya kuchanua, anamwombea akubaliwe peponi, anasema fundo la mapenzi waliyofunga hana wa kulifungua. Hakuna mahali anapomkasirikia Mungu. Huzuni yake imevaa kanzu safi, imetoka nje kusimama mbele za watu, na haijapoteza heshima yake.

Kuna wasomaji wanaoona utulivu huo ni wa kujikaza. Mimi siuoni hivyo. Ninauona ni utulivu wa mtu anayetumia mizani na vina kama mahali pa kushikilia. Ukiwa na silabi za kuhesabu, mkono una kazi ya kufanya. Na kinachonivutia zaidi ni kwamba kitabu hakibaki kaburini. Ana watoto wa kulea, kazi haingoji, uhamisho unakuja, maisha yanamvuta shati. Kwa bintiye aliandika *Utenzi wa Hati*, akifuata nyayo za Mwana Kupona, safari hii baba akishika nafasi ya mama.

C. S. Lewis ni kinyume chake. Alikuwa mwandishi mashuhuri wa Kikristo nchini Uingereza, aliyewahi kutoa kitabu kizima mwaka 1940 kueleza tatizo la maumivu. Mkewe, Joy Davidman, alifariki kwa saratani mwaka 1960, miaka michache tu baada ya ndoa yao. Lewis akaanza kuandika kwenye madaftari yaliyokuwa ndani ya nyumba, na 1961 yakachapishwa kama *A Grief Observed* kwa jina la bandia, N. W. Clerk. Mkewe anamtaja kwa herufi moja, H.

Yule aliyekuwa na majibu ya 1940 sasa anasema amekwenda kwa Mungu wakati wa shida akakuta mlango umebamizwa usoni mwake, kisha akasikia komeo zikitiwa kwa ndani, komeo juu ya komeo. Anaeleza pia aibu ndogo ndogo ambazo waliofiwa wanazijua na hawazisemi. Marafiki wakimwona njiani anawaona wakiamua kama wamsogelee au wapite upande wa pili. Akijaribu kuzungumza na watoto wa kambo kuhusu mama yao, nyuso zao hazionyeshi huzuni wala upendo. Wanaona haya, wanatamani anyamaze. Nani miongoni mwetu hajawahi kuishi katika nyumba ambamo jina la marehemu limekuwa kama kitu kilichoharamishwa mezani?

Mwishoni hali inatulia kiasi, na imani haipotei. Lakini onyo: sura za mwanzo zinaweza kumtisha muumini ambaye hajazoea kusikia mtu wa dini akimsemesha Mungu hivyo. Kwa Mwislamu aliyefiwa, au Mkristo wa kanisa lenye nidhamu kali ya maneno, ningeanza na Shaaban Robert. Kwa mtu ambaye ameshasema mambo hayohayo moyoni na anajiona kafiri kwa ajili yake, Lewis ndiye mwenzake. Ni kitabu chembamba, sura nne tu, na kinasomeka kwa vipande.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja kwa ajili ya mwanaume asiyependa kusoma, ninachagua shairi la Amina peke yake, lililonakiliwa kwa mkono kwenye karatasi.

"Kwa nini mimi?": Harold Kushner na Kate Bowler

Swali hili halikwepeki, na vitabu vinavyolishika moja kwa moja ni vingi mno. Hivi viwili vinatosha.

Kushner alikuwa rabi, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, huko Natick, Massachusetts, Marekani. Mwanawe Aaron alipokuwa na miaka mitatu, daktari aliwaeleza wazazi kwamba ana projeria, ugonjwa wa nadra wa kuzeeka upesi: hatazidi sana futi tatu kwa kimo, atakuwa na sura ya mzee angali mtoto, na atakufa mwanzoni mwa ujana. Alifariki 1977 akiwa na miaka 14. Kitabu cha baba yake, *When Bad Things Happen to Good People*, kilitoka 1981 na kikasomwa dunia nzima.

Jibu lake linahitaji kuelezwa kabla hujampa mtu, kwa sababu si dogo. Kushner anasema kwamba Mungu ni mwema lakini hana uwezo juu ya kila kitu. Magonjwa yanatokana na maumbile yanayofuata mkondo wake, na Mungu hakuyatuma. Kazi ya Mungu ni kutupa nguvu na kututumia watu. Mwislamu yeyote, na Wakristo wengi, watasimama hapo. Kitabu kinachomwondolea mgonjwa hatia kwa kumpunguzia Mungu wake uweza kinaweza kuwa kimemnyang'anya kitu alichokuwa anakiegemea. Hata hivyo sura zake kuhusu namna jamaa na waumini wanavyomlaumu mwenye shida ni za thamani, ukubali hoja yake kuu usikubali.

Kate Bowler hatoi jibu hata moja, nami ndiyo maana ninampenda. Ni mwanahistoria wa dini katika chuo cha teolojia cha Duke, Marekani, naye kabla ya kuugua alikuwa ameandika historia ya injili ya mafanikio nchini humo: mahubiri ya kwamba imani ikiwa sawa, pesa na afya vitafuata. Akafika miaka 35, ana mtoto mdogo wa kiume, akaambiwa ana saratani ya utumbo mpana, hatua ya nne. Watu aliokuwa anawachunguza kwenye vitabu wakaja kumwombea kitandani. *Everything Happens for a Reason* kilitoka 2018, na jina hilo, linalodai kila jambo lina sababu yake, ni kejeli. Jalada lenyewe linauita uongo alioupenda.

Jirani alifika mlangoni akamwambia mumewe kwamba kila jambo lina sababu. Mume akamjibu kwamba angependa sana kuisikia sababu ya mke wake kufa. Kitabu kimejaa vicheko vya aina hiyo, vicheko vyenye meno. Nyuma ameweka orodha ya maneno ya kutomwambia mtu aliye katika shida kubwa na orodha nyingine ya maneno yanayoweza kusaidia. Kwangu mimi kurasa hizo zingebandikwa mlangoni mwa kila wodi.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Goma, Bowler yuko karibu zaidi ya anavyojua mwenyewe. Tunazijua sadaka za kupanda mbegu, mafuta ya upako, na agizo la kukiri ushindi huku mtu anatapika. Yeye hawadhihaki waumini hao; anakiri kwamba walimpenda na walimletea chakula. Anaonyesha tu mahali ambapo ahadi ilimwacha peke yake. Kati ya hao wawili, ningempa Kushner mzazi aliyefiwa na mtoto na anayependa kubishana kwa hoja. Bowler ningempa karibu kila mtu mwingine anayesoma Kiingereza, hasa yule shangazi anayependa kwenda kuombea wagonjwa.

Maandiko yenyewe: Ayubu na Yaakubu

Kitabu cha Ayubu kina sura 42, na nathubutu kusema wengi wanaokitaja wamesoma mbili za mwanzo na ya mwisho: alikuwa tajiri, akapoteza, akavumilia, akarudishiwa. Katikati kuna sura nyingi za mtu anayelalamika kwa sauti kubwa. Marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipofika waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hicho ndicho kitu kizuri pekee walichofanya. Walipofungua midomo kumweleza sababu, wakaharibu, hadi Ayubu akawaita wafariji wenye kutaabisha. Na katika sura ya 42 Mungu anawakasirikia wao waliokuwa wakimtetea, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Mgonjwa aliyekatazwa kulalamika anahitaji kuoneshwa aya hiyo kwa kidole.

Kasoro yake kwa familia ni mke wa Ayubu. Naye alizika watoto kumi, naye alikuwa anaishi na majivu na vidonda vya mumewe, lakini amepewa sentensi moja tu, na wahubiri wamemtukana kwayo tangu hapo. Anayemuuguza mume hatajiona humo. Na aliyefiwa na mtoto usimsomee mwisho, pale Ayubu anapopata watoto wengine kumi, kana kwamba wale wa kwanza walikuwa mkopo uliolipwa.

Katika Qurani habari ya Ayubu ni fupi, aya chache katika sura za Al-Anbiyaa na Swad, dua ya mtu aliyeguswa na dhara na anayemjua Mola wake kuwa ni mwenye kurehemu. Kwa mgonjwa asiye na nguvu, ufupi huo ni rehema. Lakini kwa familia ningemwelekeza mtu kwenye Surat Yusuf, yenye aya 111, nimsisitizie amwangalie baba kuliko mwana. Yaakubu amepoteza mtoto, kisha mwingine akabaki Misri. Macho yake yanageuka meupe kwa huzuni. Wanawe, badala ya kumhurumia, wanamchoka: hutaacha kumtaja Yusuf mpaka uwe hoi au ufe? Yeye anawajibu kwamba masikitiko yake anamshitakia Mwenyezi Mungu.

Hiyo ni familia halisi iliyochoka na majonzi ya mtu mmoja. Huyuhuyu Yaakubu ndiye aliyesema subira njema, na bado alilia hadi kuona kukamtoka. Anayeambiwa "subiri" kwa maana ya "nyamaza" anaweza kusomewa aya hizo, ya 84 hadi 86, akapata pa kupumulia. Tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy ina maelezo pia. Ya Barwani wengi huiona nyepesi kwa msomaji wa leo.

Kama ni Mkristo naye hana nguvu ya Ayubu, mpe Zaburi ya 88. Ni fupi, inaanza katika kilio na kumalizika gizani, bila ule mgeuko wa furaha mwishoni. Sijui kwa nini haisomwi zaidi hospitalini.

Riwaya kwa anayekesha

Mwenye kuuguza mara nyingi hataki kusoma habari za kweli. Anazo za kutosha. Kifo cha Ivan Ilyich, hadithi ya mwandishi wa Urusi, Tolstoy, ya mwaka 1886, ina sura 12 fupi. Jaji anaugua, na mkewe, binti yake na madaktari wote wanaigiza kwamba atapona. Anayekataa kuigiza ni Gerasim, kijana wa kazi wa kutoka shamba. Mgonjwa anapata nafuu miguu ikiinuliwa, basi Gerasim anakaa usiku akiwa ameibeba mabegani mwake, wala haoni ni tabu, kwa sababu sote tutakufa. Aliyewahi kumgeuza mgonjwa kitandani, kumsafisha na kumbadilishia shuka atajikuta katika kurasa hizo, na anayedhani kazi hiyo ni ya hadhi ya chini atajifunza kitu.

*Ua la Faraja* ya William Mkufya ilitoka 2004, mwaka ambao dawa za ARV ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kutolewa katika hospitali za umma Tanzania. Ni riwaya nene kuhusu Ukimwi, na inauliza maswali makubwa juu ya maisha na kifo kwa Kiswahili kisichoombaomba maneno. Faida yake ni kwamba aibu, minong'ono ya majirani na unyanyapaa ni vyetu kabisa, havihitaji kutafsiriwa. Hasara ni urefu. Anayeamka kila saa mbili kutoa dawa atapoteza uzi. Tolstoy kwa zamu za usiku, Mkufya kwa likizo baada ya yote.

Kabla hujafunga zawadi

Pima uzito wa kitabu mkononi. Mtu aliyelala chali, mwenye sindano ya dripu kwenye mkono mmoja, hawezi kushika *Ua la Faraja*, kitamwangukia usoni. Angalia ukubwa wa herufi, maana Biblia na Misahafu ya mfukoni ni mizuri kwa safari na migumu kwa macho yaliyodhoofika.

Lugha nayo uitazame upya. Profesa anayefundisha kwa Kiingereza miaka yote anaweza, akiwa na homa, kutaka Kiswahili cha bibi yake, na mwingine akakimbilia Kiingereza kwa sababu Kiswahili kinamkaribia mno. Muulize mwenyewe, usimkisie.

Na kama hawezi kusoma, msomee. Hapo tenzi, Zaburi na aya zinashinda kila kitabu kingine kilichotajwa humu, kwa sababu zilitungwa zisikike na zinaweza kukatwa popote usingizi unapomchukua. Simu yenye kisomo au Biblia ya sauti inasaidia usiku, ila iwekwe sauti ya chini na mtu wa kuizima awepo. Ukishampa kitabu, usirudi wiki ijayo kumuuliza amefika ukurasa wa ngapi.